Okidi Ndani ya Nyumba: Mmea Usiotaka Haraka

Miongoni mwa maua yauzwayo siku hizi katika maduka ya miji mikubwa ya Uganda, ni machache yanunuliwayo kwa furaha na kutupwa kwa huzuni kama okidi. Huletwa nyumbani ikiwa imechanua, pengine kama zawadi ya harusi au ya mtumishi anayestaafu, ikawekwa juu ya meza ya sebuleni, na kwa muda wa miezi miwili au mitatu kila mgeni huisifu. Kisha maua hupukutika, na hapo ndipo matatizo yaanzapo. Mwenye nyumba akiona kikonyo kimebaki kitupu hudhani kwamba mmea una kiu, naye huongeza maji. Majani yakilegea, huongeza maji tena, na mara nyingi huhamishia mmea katika udongo mzuri wa bustani uliochanganywa na samadi. Baada ya majuma machache mizizi huwa imeoza na kugeuka rangi ya kahawia, na mmea hutupwa jalalani pamoja na maganda ya ndizi. Aliyeuua ni yule yule aliyeuhurumia.

Kosa hili hutokana na kutoijua asili ya mmea. Mahindi, maharagwe na nyanya huzaliwa ardhini, na mkulima hana budi kuyapa udongo. Okidi nyingi za nchi za joto huzaliwa juu ya matawi ya miti. Mtu apitaye katika misitu ya Mabira au Budongo akainua macho ataziona zimeshika magome huko juu, mizizi yao ikining'inia hewani. Watu wengine hudhani kwamba huunyonya mti uliozibeba, lakini sivyo. Mti ni kiti chao tu. Chakula chao hutokana na mwanga, na maji yao ni mvua na umande, pamoja na uchafu kidogo wa majani yaliyooza unaonaswa katika mizizi.

Mizizi hiyo yastahili kutazamwa kwa makini, kwa kuwa ndiyo itakayomwambia mlezi kila jambo alitakalo kulijua. Imefunikwa kwa ganda jeupe, laini, lenye vitundu vingi kama sifongo. Mvua inyeshapo, ganda hilo hulewa maji kwa muda mfupi sana na kuyahifadhi, kisha upepo huukausha mzizi tena. Ukiwa mkavu, mzizi huonekana mweupe wenye kung'aa kama fedha. Ukiwa umeloa, rangi ya kijani iliyomo ndani hujitokeza. Basi sheria ya kumwagilia haitafutwi katika kalenda. Mizizi ikiwa ya kijani, mmea una maji, na mkono wa mlezi ukae mbali. Mizizi ikiwa imekuwa myeupe, wakati wa maji umefika. Katika nyumba yenye hewa nyingi huko Mbarara siku hiyo yaweza kufika upesi, na katika chumba chenye unyevu karibu na ziwa huko Entebbe ikachelewa sana. Hakuna kitabu kiwezacho kumwamulia mtu wa nyumba zote mbili.

Njia nyepesi ya kuinywesha ni kuiweka chungu chake ndani ya ndoo ya maji kwa muda wa dakika kumi, kisha kukitoa na kukiacha kichuruzike kabisa kabla ya kurudishwa mahali pake. Maji ya mvua yaliyokingwa kutoka paani ni mazuri kuliko yote. Kazi hii na ifanywe asubuhi, ili maji yaliyorukia majani yapate kukauka kabla ya usiku. Hasa maji yasiachwe yatuame katikati ya mmea, pale majani mapya yanapochipukia. Yakilala humo usiku kucha, kitovu huoza, na mmea wa namna hiyo ni nadra kupona. Pia sahani iliyo chini ya chungu isibaki na maji. Okidi iliyosimama ndani ya maji ni sawa na mtu aliyezibwa pua.

Kwa sababu hiyo hiyo, udongo haufai hata kidogo, uwe mwekundu au mweusi. Kinachotakiwa ni vitu vigumu vinavyoacha nafasi za hewa kati yao. Nchini Uganda kitu kipatikanacho kwa urahisi ni makaa ya kupikia. Yavunjwe vipande vya ukubwa wa kidole gumba, yaoshwe mpaka vumbi jeusi litoke, na yachanganywe na vipande vya matofali ya kuchoma au magome makavu ya miti. Makaa hayashiki maji kwa muda mrefu, na huo ndio wema wake kwa mlezi mwenye mkono mwepesi wa kumwagilia. Ubaya wake ni kwamba hukusanya chumvi za mbolea, kwa hiyo yafaa yabadilishwe kila baada ya miaka miwili hivi.

Wala si lazima kununua chungu cha fahari. Chupa kubwa ya plastiki ya maji ya kunywa, ikikatwa juu na kutobolewa matundu mengi chini na ubavuni kwa msumari uliopashwa moto, ni chombo bora kuliko vyungu vingi vya dukani. Kwa kuwa yapitisha mwanga, mizizi ya okidi nyingi, ambayo nayo ina ukijani wa majani, hufaidika. Na mlezi aweza kuiona rangi yake bila kufukua kitu. Kopo la mafuta ya kupikia halifai sana. Hushika kutu, nalo likipigwa na jua huchemka.

Sasa lafika jambo linalowashinda wengi, nalo ni kungoja. Okidi ni mmea wa polepole tangu mbegu yake. Tunda moja laweza kuwa na mbegu zaidi ya milioni moja, ndogo kama vumbi, lakini hazina akiba ya chakula kama ile iliyomo ndani ya punje ya mahindi. Msituni mbegu hiyo haiendelei kukua mpaka iingiwe na kuvu maalumu, ambayo huilisha mpaka itoe majani yake yenyewe. Siri hiyo iligunduliwa na Mfaransa Noel Bernard mwaka 1899. Mwaka 1922 Mmarekani Lewis Knudson alionyesha kwamba mbegu zaweza kulishwa sukari ndani ya chupa safi na kuota bila kuvu, na tangu hapo okidi zikaanza kuzalishwa kwa wingi na kushuka bei. Lakini hata chupa za maabara hazikuweza kuufupisha muda kwa kiasi kikubwa. Okidi iliyo maarufu zaidi madukani, iitwayo falenopsisi, huhitaji kama miaka miwili au mitatu, na pengine zaidi, tangu mbegu hadi ua la kwanza. Katleya, yenye maua makubwa yenye harufu, huhitaji mitano hadi saba. Iko okidi moja ya Mlima Kinabalu, katika kisiwa cha Borneo, ambayo yaweza kumngojesha mlezi wake miaka kumi au zaidi.

Hata ikiwa imekomaa, falenopsisi hutoa jani moja au mawili kwa mwaka, pengine matatu. Mtu aliyezoea kuona mboga za sukumawiki zikichumwa juma kwa juma hudhani kwamba mmea huo umekufa. La, uko kazini. Jani jipya likiwa kubwa kuliko lile lililotangulia, mlezi na ajue kwamba mambo yanakwenda vyema. Likiwa dogo zaidi, kuna upungufu, na aghalabu upungufu huo ni wa mwanga.

Katika habari ya mwanga, vitabu vyaweza kumpotosha msomaji wa Uganda. Vingi viliandikwa kwa ajili ya watu wa Ulaya na Marekani, navyo husema okidi iwekwe kwenye dirisha la kusini, kwa kuwa huko kwao jua hukaa upande huo mwaka mzima. Uganda imepitiwa na Ikweta. Mnamo mwezi wa Juni jua hupita upande wa kaskazini, na Desemba hupita kusini, hivi kwamba dirisha lililokuwa na kivuli kizuri mwanzoni mwa mwaka laweza kuwa tanuri katikati yake. Dirisha la kuaminika ni la mashariki, ambalo hupokea jua la asubuhi hadi saa tatu hivi, kabla halijawa kali. La magharibi laweza kutumika iwapo kuna pazia jepesi. Kujipima ni rahisi: mlezi aweke kiganja chake juu ya majani, umbali wa futi moja hivi, wakati jua linapowaka. Kivuli kikiwa hafifu, chenye kingo zisizoonekana vizuri, mwanga unatosha. Kikiwa cheusi na wazi, jua ni kali mno kwa falenopsisi. Kisipoonekana kivuli chochote, mmea utaishi lakini hautachanua. Majani yenyewe pia husema, kwani yaliyokoza sana rangi ya kijani yana njaa ya mwanga, ingawa wengi huyasifu kwa uzuri.

Nyumba nyingi za kambini na kota za polisi zimeezekwa mabati, na baadhi hazina dari. Katika nyumba hizo okidi isitundikwe juu karibu na paa. Mchana joto la huko laweza kuikausha kabisa, hata kama sakafuni watu hawaoni shida.

Hebu ifikiriwe nyumba ya sajini mmoja aliye kambini. Mkewe ameitunza falenopsisi kwa miaka miwili. Ina majani sita manene, mizizi myeupe yenye ncha za kijani, haina mdudu wala doa, lakini ua halijaonekana. Amekwisha kuipa mbolea mara tatu zaidi ya kipimo, na jirani amemwambia kwamba mmea huo ni tasa. Kasoro yake yaweza kuwa moja tu, kwamba usiku huo mmea hulala katika chumba kilichofungwa madirisha, pamoja na watu sita na taa, mahali ambapo joto la usiku halitofautiani na la mchana. Falenopsisi haichipushi kikonyo cha maua mpaka ipate majuma kadhaa ya ubaridi. Joto likizidi nyuzi 28 mfululizo, hutoa majani tu. Usiku ukishuka hadi nyuzi 16 au 18, na mchana ukabaki chini ya 26, baada ya mwezi mmoja au miwili kikonyo hujitokeza katika kwapa la jani. Usiku wa namna hiyo hauna gharama yoyote katika Kampala au Entebbe, hasa mwezi wa Julai na Agosti. Kinachotakiwa ni kuusogeza mmea karibu na dirisha lililo wazi, lenye wavu wa mbu. Tena okidi yenye majani manene hufungua vitundu vyake vya kupumulia wakati wa usiku, kama ufanyavyo mnanasi, kwa hiyo hewa safi ya usiku ni sehemu ya chakula chake. Watu wa Kabale ndio wanaopaswa kufanya kinyume. Usiku wa huko ni baridi mno kwa falenopsisi, na yafaa ilale mbali na kioo.

Okidi nyingine hazingoji baridi, hungoja kiu. Wakulima wa vanila wa Mukono na Bundibugyo walijua hilo bila kusoma vitabu vya maua. Vanila nayo ni okidi, japokuwa wengi waioneshao kikaangoni na katika keki hawajui. Mvua zikinyesha bila kukoma, mzabibu wake, kama wauitavyo wengine kwa kutambaa kwake, hurefuka tu. Ukipata kiangazi cha majuma kadhaa, hutoa maua. Kwa kuwa Uganda ina viangazi viwili kwa mwaka, vanila yake huvunwa mara mbili. Ndivyo ilivyo pia kwa anselia, okidi ya Kiafrika yenye maua ya manjano yaliyotapakaa madoa ya kahawia, ambayo Waingereza waliipa jina la chui. Mwenye nayo na apunguze maji wakati wa kiangazi mpaka vikonyo vyake vinene vianze kunywea kidogo, kisha arudishe maji mvua zinapokaribia. Hata hivyo anselia si mmea wa mezani. Yataka mwanga mwingi, na mahali pake ni barazani, ikiwa imefungwa kwenye kipande cha gogo.

Kikonyo kipya mara nyingi hudhaniwa kuwa mzizi. Ncha ya mzizi ni ya mviringo na inang'aa; ya kikonyo imechongoka na kubana upande mmoja, mfano wa kidole kilichovaa glovu. Kikisha kutambuliwa, chungu kisigeuzwegeuzwe, kwa sababu maua huufuata mwanga na yatajipinda. Kutoka hapo hadi ua la kwanza ni miezi miwili au mitatu.

Huo ni wakati wa hatari. Kuna nyumba nyingi ambamo matumba hukua vizuri kisha, siku moja kabla ya kufunguka, hugeuka manjano na kuanguka yote. Watu husema ni jicho baya. Sababu yake ni gesi iitwayo ethilini, ambayo hutoka katika moshi na katika matunda yanayoiva. Mkungu wa ndizi za kuiva uliowekwa pembeni mwa sebule, au kapu la maembe, au sigiri ya makaa iliyoingizwa ndani wakati wa mvua, kila kimoja chatosha kuyaangusha matumba ya mwaka mzima. Mlezi asiyeweza kuhamisha jiko na ahamishe ua. Sigiri ndani ya chumba kilichofungwa ni hatari kwa watu pia, tena kubwa zaidi, kwa kuwa huua watu usingizini.

Kuhusu mbolea, maneno machache yanatosha: robo ya kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, mara moja katika majuma mawili wakati majani au mizizi inapokua, na mara moja kwa mwezi maji matupu mengi ya kuosha chumvi. Vidung'ata na wadudu wa magamba wafutwe kwa kitambaa chenye maji ya sabuni. Kisu cha kukatia kipitishwe motoni kwanza, kwani magonjwa ya virusi ya okidi huhamia mmea hadi mmea kwa njia ya kisu, nayo hayana dawa.

Familia za askari zina shida ambayo walezi wengine hawanayo, nayo ni uhamisho. Mtu hupanda mwembe, na kabla haujazaa anapewa barua ya kwenda Gulu au Moroto. Okidi, pamoja na upole wake wote wa kukua, ndiyo mmea wa nyumbani uwezao kusafiri kwa usalama zaidi, kwa sababu haikujifunga na ardhi. Isimwagiliwe kwa siku tatu kabla ya safari. Kikonyo, ikiwa kipo, kifungwe kwenye kijiti. Mmea ufungwe kwa karatasi za gazeti lililokwisha kusomwa, usimamishwe ndani ya sanduku la boksi, na sanduku liwekwe mbele pamoja na abiria, si nyuma ya lori juani. Mmea wenye afya waweza kustahimili juma zima bila maji. Ukifika, upewe kivuli na maji ya kawaida, bila mbolea wala kubadilishiwa chungu kwa mwezi mmoja. Si ajabu ukakosa kuchanua mwaka huo.

Yupo pia atakayeshawishika kuokoa fedha kwa kupanda msituni na kubandua okidi kutoka mtini, au kuinunua kwa wachuuzi wa kando ya barabara. Shina lililobanduliwa namna hiyo laweza kuwa limechukua miaka mingi kufikia ukubwa huo, mizizi yake hukatika, na nyingi hufa kabla ya kuzoea nyumba. Tena askari arejeaye kutoka kazi ya nchi za nje na akumbuke mkataba wa kimataifa uliotiwa sahihi Washington mwaka 1973 juu ya biashara ya wanyama na mimea ya mwituni, ambao Uganda ilijiunga nao mwaka 1991. Okidi zote zimo katika orodha za mkataba huo. Okidi ya mwituni iliyofichwa mkobani bila kibali yaweza kumfikisha mwenyewe mahali asipopatarajia, hata akiwa amevaa sare.

Njia ya halali na ya bei nafuu ipo. Mahoteli na maofisi hununua falenopsisi kwa ajili ya mapambo, na mara nyingi huzitupa maua yanapoanguka, kwa kudhani kwamba zimekwisha. Apataye nafasi ya kuomba mmea kama huo na auchomoe kwanza katika chungu na kuitazama mizizi. Iliyo migumu na myeupe ni mizima. Iliyo laini, yenye kutoa maji ikibinywa, ikatwe yote. Kikibaki hata mizizi mitatu mizima na majani mawili, ufungwe katika makaa safi, uwekwe kwenye dirisha la mashariki, na kikonyo cha zamani kikatwe chini kabisa ili nguvu zisipotee. Mwaka wa kwanza utatoa mizizi, na wa pili majani. Ua laweza kungojewa katika Agosti ya mwaka wa tatu.